Nilimwambia Bosi Jinsi Mwenzangu Anavyofika Kazini

Makosa ni yangu, sitafuti wa kunitetea. Mwenzangu alifutwa kazi kwa sababu ya mdomo wangu.

Nahudumia wazee kwenye makao huku Coon Rapids. Nilifanya kazi na Mwanaisha, dada wa Mombasa aliyenitangulia Minnesota na kunipokea kama ndugu. Tulikaa jirani, mji wa Blaine. Hana gari, na huku bila gari huna miguu. Nilikuwa nampakia kwenye gari langu kila siku, na kwetu hilo si jambo la kuzungumzwa.

Mwanaisha akaripoti kwa wakubwa kwamba wazee wazito, wa kuinuliwa, tunapewa sisi weusi tu. Wazungu wanabaki na wale wanaojitembelea. Ilikuwa kweli, mgongo wangu ni shahidi.

Haikupita muda, msimamizi wetu akaniita, akanipa kahawa. Akauliza habari za watoto, kisha, "Mwanaisha hufikaje hapa?"

Nikamjibu kwa adabu zote, kama nilivyolelewa kumjibu mkubwa. Huja na mimi, hana njia nyingine. Nikaongeza kwamba alfajiri hakuna basi la kumfikisha. Nani aliniuliza hilo, jamani!

Ratiba mpya ilipotoka, mimi niliwekwa jioni, yeye alfajiri.

"Kwani ulimwambia huwa unani-drop?" aliniuliza.

"Mimi? Hapana, dada."

Ningeweza kuamka nimpeleke. Niliogopa kuonekana naye, nikasingizia gari ni bovu. Alichelewa, akaonywa, akachelewa tena, akafukuzwa. Wakasema ni uchelewaji tu. Mwanaisha akashtaki, na mchunguzi wa kesi yake aliponiuliza kama ratiba ilibadilishwa kumkomoa, nilisema sijui. Nilijua!

Wale wazee wake wazito sasa ni wangu. Nikirudi nyumbani siwezi hata kuinama kuvua viatu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipikia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amenisamehe.

"Sasa utawaambia ukweli?" akauliza. "Kesi yangu bado iko open."

Nikaaga, nikaondoka. Nina watoto, nina kodi ya nyumba, nina woga.

Wewe unayesoma, mwenzako akiripoti ubaguzi kisha bosi akuite kwa upole, usimweleze maisha ya mwenzako. Anatafuta pa kumshika. Lakini ukiulizwa na mchunguzi, sema unachokijua. Mimi nilifanya kinyume, na namba ya simu ya yule mchunguzi ninayo mpaka leo, sijampigia.