Viboko wa Jumamosi ya Mwisho

Saa mbili asubuhi, Jumamosi iliyopita, basi letu la watalii lilikuwa bado Gisenyi. Tangazo liliahidi viboko mtoni, kisha maporomoko ya maji, na kurudi jioni. Mkuu wa mtaa akatusimamisha.

"Munaenda wapi? Leo si umuganda?"

Muongoza watalii wetu akajikuna kisogo. "Bon, nilisahau."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nchi nzima inafanya kazi ya pamoja, barabara zimetulia, na mtaalamu wetu wa ratiba amesahau. Tukapewa majembe tukazibue mtaro. Maji machafu yalipoporomoka hatimaye, mama mmoja mwenye darubini shingoni akaegemea jembe lake.

"Maporomoko tumeona. Kiboko iko wapi?"

Tukamtafuta muongozaji. Alikuwa ndani ya basi, amelala chali, mdomo wazi.

Ratiba ikawa imetimia.