Tulivyofundishwa Kutoiona Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi wa ardhi, nikidhani mthamini wa mji ni mtu wa mezani. Mthamini Mkuu, bosi wangu, alinitazama kuanzia viatu hadi tai, akanipa ncha moja ya utepe wa kupimia. "Shika hapa, profesa." Kufikia saa sita nilikuwa na tope hadi magotini, na jina hilo halikunitoka tena.

Hiyo ilikuwa Kisumu ya mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kazi yetu ilikuwa kukadiria thamani ya kila kiwanja mjini na kuiandika katika orodha ya uthamini, ili watu wa fedha watoze kodi ya kiwanja, ile ambayo kila mtu aliiita reti. Orodha ilifanywa upya kila baada ya miaka kadhaa. Kila ilipofanywa upya thamani ilipanda, na kila ilipopanda sisi tulibadilisha hoteli ya kula mchana, kwa kuwa mwenye hoteli naye alilipa reti.

Somo la kwanza nililipata Kaloleni, mtaa wa zamani wa Waislamu. Mthamini Mkuu alinisimamisha mbele ya nyumba moja.

"Unaona nini?"

"Nyumba ya vyumba sita, bwana. Kuta za udongo, mabati, mwarobaini mmoja uani."

"Futa nyumba."

Nikachukua raba nikaanza kufuta karatasi.

"Si kwa karatasi, profesa. Kwa macho. Futa nyumba, futa mti, futa huyo mama anatuangalia. Sasa unaona nini?"

"Kiwanja kitupu."

"Hicho ndicho kinalipa reti."

Ndivyo sheria ilivyotaka: ardhi ikadiriwe kana kwamba hakuna kitu juu yake, kwa kufuata bei za viwanja vya jirani vilivyouzwa. Darasani hoja hiyo ilinipendeza mno. Mtu asiadhibiwe kwa kujenga vizuri, na mwenye kiwanja kikubwa asikwepe kodi kwa kukiacha pori. Niliwahi hata kuiandikia insha, nikasifiwa.

Yule mama aliyekuwa akituangalia aliitwa Mama Zuhura. Alikuwa mjane, alipangisha vyumba viwili na kuuza mahamri asubuhi. Babu yake alikuja kutoka pwani kupikia mafundi wa reli, akaoa huku, na nyumba ile ndiyo aliyoacha.

"Mnaandika nini, wanangu?" alituuliza. "Hata kama ni mabaya, karibuni chai kwanza."

Tukaingia. Tulikunywa chai ndani ya nyumba tuliyokuwa tumeifuta sasa hivi, na mahamri yalikuwa mazuri.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya themanini wafanyabiashara walianza kununua viwanja vya Kaloleni wajenge maghala, na orodha mpya ilipotoka, reti ya Mama Zuhura ilizidi kodi yote aliyopata kwa wapangaji wake. Akaleta pingamizi. Pingamizi husikilizwa na Mahakama ya Uthamini, jina kubwa kwa watu watatu na meza ndefu ukumbini. Mwenyekiti alikuwa wakili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepanda cheo, nilikaa pembeni kutetea hesabu za ofisi.

Ungetaka kujua jinsi watu walivyotuelewa vibaya, ungetazama walichobeba. Mzee mmoja alileta bati lenye kutu. Mwingine alileta picha ya ufa. Kila mmoja alikuja kuthibitisha kwamba nyumba yake ni mbovu, mbele ya watu walioapa kutoiona. Mama Zuhura alileta karai lililofunikwa leso. Alipoifunua, ndani mlikuwa na udongo wa ukuta ulioanguka wakati wa mvua.

"Mama," Mwenyekiti alisema, "nyumba sisi hatuangalii."

"Mnaangalia nini basi?"

"Ardhi."

"Ardhi iko chini ya nyumba, baba. Mimi naishi juu."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Akainama mbele, akasema kwa upole kabisa, "Sasa Mama, nisikie. Hii bei ni mzuri sana. Mtu akikupatia hii pesa, si uuze ploti, urudi nyumbani ujenge?"

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani. Kwenu."

"Kwetu ndipo hapo mnapopazungumzia."

Mezani pale hapakuwa na mtu asiye na dala, boma la baba zake. La Mwenyekiti lilikuwa upande wa Sondu, langu Usenge, penye omena, dagaa wa ziwani, na wachuuzi wake. Kwetu sisi nyumba ya mjini ni mahali pa kulala ukitafuta riziki. Nyumbani ni utakapozikwa. Haikuwa imetupitia akilini kwamba mtu anaweza kuwa hana kwao kwingine ila mjini.

Mwenyekiti alinigeukia. "Mthamini, sheria inasema kitu juu ya hii?"

"Haisemi, bwana."

Ilikuwa kweli. Pingamizi likakataliwa. Mama Zuhura akafunika karai lake na leso, akaondoka nalo. Mthamini Mkuu alinipiga bega mlangoni. "Umejibu vizuri, profesa."

Malimbikizo ya reti yaliongezeka, na riba juu yake. Mama Zuhura aliuza kabla hajashtakiwa, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alipolipa deni na kuwagawia watoto, kilichobaki kilitosha kukodi chumba mtaa wa Migosi, safu iliyo nyuma ya nyumba niliyopanga mimi. Kila asubuhi alinisalimu: "Bwana Mthamini, umeamkaje?" Nilisikiliza sana nipate kejeli ndani yake. Haikuwamo. Mwaka mmoja, kabla ya masika, alifariki katika chumba hicho.

Muda mfupi baadaye tulianza orodha nyingine. Nikafika Kaloleni na utepe wangu. Mnunuzi alikuwa amebomoa nyumba na kukata mwarobaini, kisha akakiacha kiwanja, akingoja bei ipande. Palikuwa na nyasi tu. Kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kufuta. Nikaandika thamani. Ilikuwa imepanda.

Sasa nimestaafu, niko Usenge. Vijana wanaosomea kazi hii huniuliza kama ni ngumu kujifunza. Nawaambia si ngumu; kuiacha ndiko kugumu. Nikikaa barazani jicho hujianzia kazi lenyewe. Paa linaondoka, kuta zinaondoka, makaburi ya wazazi wangu yanaondoka, inabaki ardhi na ziwa. Kisha mke wangu ananiita chai, na vyote vinarudi mahali pake.

Nikiingia kunywa, sitazami ndani ya kikombe kwa muda mrefu, nisije nikaiona chai ya Mama Zuhura.