Kupeleka Pikapu ya Marehemu Longonot

Tulikuwa tunaenda Longonot kuuza gari la baba, na sababu ya kuliuza ni kwamba lilikuwa limekataa kwenda popote. Ukiona hapo kuna kichekesho, hata mimi nilikiona, lakini kaka yangu Barasa alikuwa ameshaamua. Tangu tulipotoka kumzika baba kule Kimilili, pikapu ile ilikuwa imekaa uani kwa Barasa, Milimani, Nakuru, ikidondosha oili, na kila aliyejaribu kuiendesha mbali alirudi kwa miguu.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Ilikuwa ikiwaka vizuri na kukimbia vizuri, halafu safari ikishanoga ilianza kukohoa, ikalegea, ikazima. Fundi akiichokorachokora, inawaka tena kana kwamba ilikuwa inatania. Mafundi wa Nakuru walisema ni pampu ya petroli. Pampu ikabadilishwa, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Mama alikuwa na maelezo yake. "Ni baba yenu ameishika," alituambia. "Hataki iende na mtu mwingine." Hakuwa akisema kwa huzuni. Alisema kama mke anayelalamika kuhusu mume mkaidi aliye chumba cha pili. Jioni alipenda kwenda kuketi ndani ya gari hilo, upande wa abiria, na kila tulipomwalika twende Kimilili tukalione kaburi, alisema hana haraka.

Barasa alimpata mkulima mmoja wa Longonot, Bwana Njoroge, ambaye hupenda magari ya zamani kwa sababu anaweza kuyafungua mwenyewe. Alitaka kuliona gari nyumbani kwake kabla ya kuamua. Mimi ndiye ninayeweza gia zake, kwa hiyo nilifunga duka langu siku hiyo. Mama akasema lazima aje, atoe ufunguo kwa mkono wake.

Asubuhi, Milimani, nilimkuta mama ameinama ubavuni mwa gari akikagua kifuniko cha tangi. Hilo lilikuwa jambo lake. Siku za matanga, gari liliposhinda likibeba viti na masufuria, kuna mtu aliyenyonya petroli yote usiku kwa mpira. Tangu hapo mama alikifunika kifuniko kwa nailoni, kisha akakizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, raundi juu ya raundi, akivuta kwa nguvu zote. Mwizi wa kukifungua angehitaji panga na subira.

"Hata harufu haitoki," alisema akiridhika, akapanda.

Tulipita Lanet tukienda vizuri. Jua lilikuwa halijawa kali na mama alikuwa akinionyesha mashamba aliyoyajua kabla hayajageuzwa ploti. Baada ya Mbaruk gari likakohoa, likalegea, na nikaliacha liteleze kwa uzito wake mpaka nje ya lami.

Bodaboda mmoja alisimama kabla hata sijafungua boneti.

"Niaje, siste. Imekataa?"

"Imezima tu yenyewe."

"Mafuta iko?"

Hakuna Mkenya anayeweza kuona gari limesimama asiulize hivyo. Nilimwambia yapo, lakini hakuniamini. Alihangaika na mpira wa mama, akafungua kifuniko, akalitikisa gari, akasikiliza. Aliporidhika akaenda mbele, akachomoa paipu karibu na kabureta, akaipuliza kwa mdomo na kutema petroli kwenye nyasi. Niliwasha. Gari likaitika mara moja.

"Ilikuwa uchafu kwa paipu," alisema, akaondoka akiwa shujaa.

Mama alishuka mwenyewe akafunga kifuniko chake upya, akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hufungua vitu wasivyojua kufunga.

Karibu na Kariandusi, Ziwa Elmenteita likiwa limelala chini upande wa kulia na vumbi jeupe la machimbo likiwa limeyapaka majani ya barabarani, tukazima tena. Hapo tuliitiwa fundi kutoka senta ya karibu. Alikuja na mfuko wa spana na uso wa daktari.

"Mafuta iko, madam?"

Akafungua, akachungulia, akafunga. Kisha akatoa filta, akaipasua, akanionyesha.

"Ona hii kitu nyeupe. Hii vumbi ya huku ndio inakula magari. Inaingia kila mahali."

Nilimwambia hata Milimani lilikuwa likizima, na huko hakuna machimbo. Alifikiri kidogo.

"Basi Milimani iko na vumbi yake," alisema.

Nilicheka mpaka yeye naye akacheka. Akaweka filta mpya, gari likawaka, akaniangalia kwa jicho la nilikwambia. Mama alikuwa tayari nyuma, ameukaza mpira mpaka mishipa ya mkono imemsimama.

Gilgil tulinunua mahindi ya kuchoma tukasonga mbele. Sasa nakiri kwamba sikuwa na wasiwasi tena, nilikuwa na hamu. Nilitaka kujua litazimia wapi. Mama aliniona nikitazama kilomita kwenye dashibodi akaniuliza mbona natabasamu. Na kweli, baada ya mwendo kama ule ule wa mwanzo, likakohoa.

Safari hii hakuja mtu. Upepo ulikuwa ukipiga, na malori yakipita yalitikisa bodi nzima. Nilikaa kwenye usukani nikajiuliza kama ninavyojiuliza dukani hesabu zikigoma: katika hawa wote, nani kweli aliliponya? Nakuru walibadilisha pampu, gari likawaka. Bodaboda alipuliza paipu, likawaka. Fundi alibadilisha filta, likawaka. Hawawezi kuwa sahihi wote watatu. Basi kuna kitu ambacho wote walikifanya, na hicho ndicho kilichofanya kazi. Nikakumbuka kwamba kila mmoja, kabla ya kushika chochote, aliuliza kama kuna mafuta.

Nilishuka, nikaenda nyuma bila kugusa boneti.

"Unafanya nini huko?" mama aliuliza.

"Naangalia mafuta."

Nilifungua mpira raundi kwa raundi, nikavuta nailoni. Kifuniko kilipolegea, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini. Nilingoja dakika chache, nikarudi nikawasha. Likaunguruma.

Mimi huuza mafuta ya kupikia ya kupima. Mtungi wa lita ishirini wenye bomba chini, ukiufunga juu kabisa, mafuta hutiririka kidogo halafu hugoma, kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Mteja hulalamika, unalegeza kifuniko, yanatiririka. Kifuniko cha tangi nacho kina kitundu kidogo cha kupumulia, na kitundu hicho kilikuwa chini ya nailoni na tyubu ya mama.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilimweleza mama yote kwa mbio, mikono ikiruka. Alinisikiliza, kisha akasema, "Labda imepumzika tu."

"Basi tujaribu. Ifunge kama kawaida yako. Ikizima, usiache mtu aguse kitu. Ufungue wewe mwenyewe."

Alifunga. Hakupunguza hata raundi moja, maana mama hajui kudanganya hata katika majaribio. Kabla hatujafika Naivasha, gari likazima. Mama alishuka taratibu, akazunguka nyuma, nami nikamfuata. Alifungua polepole kama anayefungua jeraha, na ile sauti ikatoka mbele ya uso wake. Alibaki ameinama hapo, kifuniko mkononi.

"Washa," alisema.

Niliwasha, likawaka.

Alipanda, akafunga mlango. "Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye, mama."

"Siku zote hizi ni huu mkono wangu."

"Ulikuwa unazuia wezi," nilisema. Alitazama viganja vyake, na furaha yangu yote ikaniisha. Nilikuwa nimetibu gari, na papo hapo nimemwondolea mama mtu aliyekuwa akiketi naye jioni. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikirusha mikono. Tulipita Naivasha, kifuniko kikiwa hakina nailoni wala tyubu, na injini ikiimba ilivyoimba enzi za baba. Sijawahi kuchukia injini nzuri namna hiyo.

Longonot tulifika mchana bila kusimama tena. Bwana Njoroge alikuwa ametungoja getini na kofia yake ya kazi, mlima nyuma yake. Alilizunguka gari akiligonga hapa na pale, akalala chini, akaibuka na vumbi mgongoni akiwa ameshalipenda. Mke wake alituita ndani tupate chai na viazi.

"Mama Barasa," Njoroge alisema, akimgeukia mama kwa heshima, "niambie ukweli. Nilisikia hii gari iko na shida. Ni shida gani?"

Mama aliweka kikombe chini. "Haina shida. Inaenda vizuri sana." Akamwangalia usoni. "Ndio maana siwezi kukuuzia. Pole, baba. Nimekusumbua."

Njoroge alibaki na kiazi mkononi. Alimwangalia mke wake, akaniangalia mimi, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyenyang'anywa.

"Mtu wa kuniambia gari ni nzuri na hauzi," alisema. "Sawa. Lakini mkule kwanza. Hamtarudi Nakuru na njaa mkitoka kwangu."

Alasiri tulishika njia ya kurudi. Nilidhani mama amebaki na gari kwa sababu ya baba, ili aendelee kuketi ndani yake. Tulipofika tena maeneo ya Gilgil, nikiwa nimeshaanza kujifunza kwamba anayependa kujua chanzo cha mambo hana budi kukipokea kikija, Barasa akanipigia simu. Mama aliichukua yeye.

"Hatujauza," alimwambia. "Imepona. Hapana, sikiliza wewe. Usiitafutie mtu mwingine."

Alikata, akakaa akitazama barabara.

"Nekesa," alisema, "kutoka hapa mpaka Kimilili, hii gari inaweza?"

"Inaweza sana, mama. Lakini ni mbali."

"Hata kama. Nilidhani yuko na mimi hapa, kwa hivyo sikuenda." Alijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Kumbe tumemwacha kule peke yake. Jumamosi tuende."