Ukurasa Usio na Mafuta

Juzi binti yangu alinionyesha programu ya chesi kwenye simu yake. Ukikwama, inakuambia papo hapo umalizie vipi. Nilicheka, kisha nikamrudishia simu, maana mimi, rafiki yangu, mwisho niliusubiri likizo nzima.

Tulikaa Laini Saba, mtaa wa mabanda kando ya reli, chumba kimoja cha mabati. Mama alifulia watu nguo, na kila asubuhi alinifungia kwa kufuli kutoka nje kwa kuogopa reli. Jua likipanda, mabati yalilia na harufu ya mafuta ya taa ikaniganda puani. Niliwachukia watoto waliocheza nje, kusema kweli.

Aliyeniokoa ni jirani, fundi wa viti kutoka magharibi mwa nchi, aliyeishi peke yake. Ukuta wetu ulikuwa na tundu la kutu. Alinipitishia wafalme, ngome na askari aliowachonga mwenyewe, akanifundisha. Kila mmoja na ubao wake, tukawa tunatajiana hatua.

Kitabu kilitoka kwa mama wa mandazi, aliyenunua vitabu vikuukuu vya kufungia mandazi. Alichana kuanzia nyuma ili jalada la mbele lisiharibike. Basi fundi alipomwomba kile cha chesi, tulipata kurasa za kuanza mchezo; za kumaliza zilikuwa tayari kwenye rundo la mama huyo, Laini Saba nzima ikifungiwa mandazi kwazo. Fundi akiangukia ukurasa mmoja wa hizo kwenye andazi la chai ya asubuhi, aliusukuma tunduni, nami niliusoma nikilamba vidole.

“Siku utamshinda huyo fundi, ufunguo ni wako,” mama alisema. “Mwenye akili hiyo hagongwi na treni.”

Nilianza vizuri kila mara. Lakini nikibaki na mfalme na ngome, yeye na mfalme mtupu, nilimbana ovyo hadi akakosa pa kwenda.

“Umenifungia, mama, lakini hujamtisha mfalme,” fundi aliniambia tunduni; kila mtoto wa kike kwake alikuwa mama. “Hiyo ni sare. Kesho tena, ama?”

Asubuhi moja tundu likatoa ukurasa wa kumaliza kwa ngome. Niliusoma kutwa. Kesho yake nikamshinda.

“Aii! Leo umenimaliza kabisa!”

Mama alitimiza ahadi. Asubuhi iliyofuata hakunifungia, aliniachia ufunguo, nikazunguka mbio hadi mlangoni kwa fundi. Chumba kilikuwa kitupu, maranda tu sakafuni. Amerudi kwao, majirani wakasema.

Vyumba vile vilibomolewa zamani. Ukurasa wa ngome ninao. Kurasa nyingine zote zilikuwa na mafuta. Huu ni mkavu, haujawahi kufunga andazi. Fundi alikuwa nao tangu siku alipopewa kitabu, akauficha ili kesho niwepo tena upande wa pili wa ukuta, akautoa alipojua anaondoka. Na mimi nilidhani aliyefungiwa ni mimi peke yangu.