Mashindano yamefutwa, na Suleiman hajanishinda

Leo nimelia, mimi bingwa wa milima ya kwetu Al Khoudh!

Mashindano yetu ya baiskeli za milimani yamefutwa. Si mwaka huu tu, moja kwa moja.

Mimi nna vikombe vyangu kabatini, alhamdulillahi, tena vimejaa mpaka mke wangu kachoka kuvifuta vumbi.

Lakini Suleiman, mtoto wa ami yangu, kila mwaka nnamshinda, na kila mwaka anarudi.

Kanipigia simu kutoka kwao Hail, mtaa wa jirani.

"Sasa ntakushinda lini, we?"

Nikamwambia, "Twende Ijumaa, sisi wawili tu."

Akasema, "Bila ya watu kuona? Nikikushinda utakwenda kukataa."

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilishindwa, wallahi. Nnajijua.

Ningekataa.