Siku Saba za Kunywesha Zege

Niseme wazi mapema: mwaka wa 1987 mimi nilikuwa upande wa wajinga. Nilikuwa mwalimu na karani wa kamati ya shule yetu hapa Tulia, na nilimpinga Ndila mchana kweupe, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Ndila alizaliwa Kasikeu, akaolewa kwetu. Mumewe alipofariki alienda Kitui mjini kubeba karai za mchanga kwa fundi mmoja, Mzee Othman. Miaka sita baadaye alirudi na mwiko wake mwenyewe wa uashi, na sakafu aliyoilainisha yeye ungeangusha sindano ukaiona toka mlangoni. Wanaume walimpa sakafu za jikoni na vibanda vya kuku. Kazi kubwa walipeana wao kwa wao.

Shule ilihitaji tangi la maji ya mvua. La kwanza lilipasuka sakafuni, likavuja lote kabla ya Krismasi, nasi lawama tukamtupia fundi aliyelijenga. Baada ya hapo hakuna fundi aliyetaka kazi yetu. Ndila ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi.

"Nipeni mimi," akasema. "Ikivuja, mwiko yangu natupa, na simiti sishiki tena."

Siku ya kumwaga zege la sakafu, akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walipanga mstari kutoka rundo la zege lililochanganywa hadi kwenye msingi. Ndila hakuruhusu mtu kwenda kunywa chai, maana zege likishaanza kumwagwa halisimami katikati. Karai zilipita mkono kwa mkono. Alishindilia pembeni kwa kijiti, akavuta ubao mrefu kusawazisha, kisha akarudi nyuma kwa magoti akilainisha kwa mwiko hadi jua likaanza kushuka. Balaa lilianza kesho yake.

Asubuhi hiyo alifunika sakafu kwa magunia, akaagiza mitungi ishirini ya maji kila siku, kwa siku saba. Yote ya kumwagia hapo juu.

Mwezi wa Oktoba! Mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu, tunachimba mashimo kutafuta maji, na punda wanapanga foleni tangu alfajiri. Mzee Mutie, mwenyekiti wa kamati, alikuja juu.

"Hii simiti imekauka tayari. Inataka maji ya nini? Ng'ombe zangu zinakufa na kiu, wewe unanyweshea sakafu!"

"Mzee, simiti haikauki kama nguo," Ndila akajibu. "Inakunywa maji ndio ishike. Ile ya kwanza ilinyimwa maji, ikapasuka."

Ilikuwa kweli. Fundi wa kwanza aliomba maji hayohayo, na ni mimi niliyeandika kwenye kitabu cha kamati kwamba asipewe. Badala ya kukiri, nikapaza sauti zaidi nikimwambia Ndila hayo ni maji ya watu, si ya mawe. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Syombua, kiongozi wa mwethya, alitutazama mimi na Mutie. Akaenda kwake, akarudi na mtungi mgongoni, akaumwaga wote juu ya magunia.

"Leo tutapika na nusu," akawaambia wenzake.

Nao wakafuata. Siku saba akina mama hao walijipimia maji kwa kikombe, na sakafu ikanywa ikashiba. Kuta zilipojengwa, nazo zikapata zamu yao.

Mvua ya Novemba ilishuka kwa fujo, tangi likajaa hadi likafurika kwa juu. Kisha jua likawaka wiki nzima, ardhi ikakauka, na kamati ikaenda kukagua, kijiji kizima nyuma yetu.

Mutie alilizunguka tangi mara mbili akilipapasa. Akapiga magoti, akapitisha kiganja chini kabisa, pale ambapo la kwanza lilivujia. Ndila alikuwa amekumbatia mwiko wake kwa mikono miwili. Mzee aliposimama, suruali yake ilikuwa imechafuka magotini. Vumbi! Vumbi kavu!

Vigelegele vilipaa hadi barabarani. Syombua alimnyanyua Ndila juujuu, na mimi, mwalimu mzima na tai yangu shingoni, nikapiga makofi huku ninalia. Nilimwomba msamaha hapohapo, mbele ya wanafunzi wangu.

Mutie alisubiri kelele zitulie. "Zahanati pia inataka tangi," akasema. "Utaanza lini?"

"Hata kesho. Lakini maji ya kumwagia, Mzee?"

"Punda zangu zote tatu ni zako," akasema Mutie, "hata kama ni Oktoba."