Bahasha za Mama wa Dawa

Mama anayetoa dawa kwenye zahanati yetu hamwamini mtu. Cheti cha daktari anakisoma mara mbili, kisha anakigeuza nyuma kana kwamba uongo umeandikwa huko. Kapsuli anazihesabu mbili mbili kwa kijiko bapa, midomo ikicheza bila sauti, na ukikohoa tu anaanza upya. Atakuuliza kama una mimba, kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha, kama kuna nyingine unayomeza nyumbani. Ukijibu upesi mno, anauliza tena. Nilipokwenda na mkojo unaochoma kama pilipili, alininyooshea bahasha ya dozi ya siku tano lakini hakuiachia. "Siku ya tatu utajiona mzima, halafu utaziacha. Nawajua, mwanangu." Nikaapa kwamba sitaziacha.

Siku ya sita nilipopita dirishani kwake, akaniita kwa kidole. "Umemaliza?"

"Zote, mama."

"Nipe bahasha."

Ilikuwa mkobani, na kapsuli nne ndani yake. Nikaitoa huku nikitazama chini. "Mdogo wangu naye anachomwa, nikamwekea."

"Mdogo wako aje apimwe. Wewe mrudie daktari leo hii."

Nilingoja anigombeze, hakunigombeza. Alivuta droo, akafungua kopo la biskuti lililojaa bahasha za watu walioacha dozi njiani, akaitumbukiza yangu. Pembeni palikuwa na moja iliyogeuka njano kwa ukuukuu. Jina lililoandikwa juu yake ndilo lililoshonwa kwenye koti jeupe la mama mwenyewe.